Programu ya dukani kwa Python, C#, Java au Electron: zipime siku zinapogoma

Vijana wanaoanza kuandika programu za kompyuta huniuliza swali moja: "Kaka, nianze na lugha ipi?" Na kila walikopita wameshajibiwa. Python ni rahisi, C# ina ajira, Java ndiyo wanayofundisha chuoni, Electron ndiyo ya kisasa. Majibu hayo si ya uongo, ila yote yanaelezea siku mambo yalipokwenda sawa, na kwa anayeanza siku hiyo huchelewa kufika. Kwa hiyo nawarudishia swali langu. Ni saa kumi na moja jioni, umebanwa kwenye daladala la Mbagala, mwenye duka anapiga simu kutoka Kariakoo: "Programu yako imegoma na wateja wamejaa." Chombo ulichochagua kinamwonyesha nini huyo mama kwenye kioo chake? Na wewe ukifika kesho asubuhi, kitakuonyesha nini?

Nilipochoka kubishana kwa maneno, nikaandika programu ileile mara nne. Dirisha moja, visanduku vitatu vya kuandikia (jina la bidhaa, bei, idadi) na kitufe cha "Hesabu" kinachotoa jumla na VAT ya asilimia 18. Kitu kidogo cha hesabu za ndani tu, kwa sababu risiti halali inatoka kwenye mashine ya EFD. Ya kwanza niliiandika kwa Python na Tkinter, ya pili kwa C# na Windows Forms, ya tatu kwa Java na Swing (hivyo vitatu ni vifaa vya kuchorea madirisha na vitufe), ya nne kwa Electron, inayokuwezesha kuandika programu ya kompyuta kwa HTML na JavaScript kama tovuti. Halafu nikampelekea mama mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme, nikamwambia aichezee atakavyo.

Kabla sijaendelea, neno moja. Dar tumezoea kusema "kodi" tukimaanisha maandishi ya programu. Sasa jaribu kumweleza mfanyabiashara kwamba kodi yake ina kosa uone atakavyokutazama. Hapa nitasema msimbo.

Mama aliandika 1,500/=

Sikumfundisha. Aliandika bei kama anavyoiandika kwenye kikaratasi cha bidhaa: 1,500/=, yaani na mkato na ile alama yetu ya shilingi mwishoni. Idadi akaweka 4. Jibu sahihi lilipaswa kuwa 6,000 na pamoja na VAT 7,080. Hapo ndipo vyombo vinne vilipoonyesha tabia zake.

Kwenye Python mstari wangu ulikuwa huu:

    bei = int(kisanduku_bei.get())

Alibofya, kimya. Akabofya tena, kimya. Nyuma, kwenye dirisha jeusi, Python ilikuwa imeandika vizuri kabisa: ValueError: invalid literal for int() with base 10: '1,500/='. Ujumbe ni mzuri kwa sababu unakutajia hata maandishi yenyewe yaliyomshinda. Lakini ule ujumbe unaishi kwenye dirisha jeusi, na dirisha jeusi ndilo kitu cha kwanza tunachokiondoa tukipeleka programu kwa mteja. Ukifunga programu kwa PyInstaller, kifaa kinachogeuza msimbo wa Python kuwa programu ya kubofya, ukaweka --windowed, dirisha linaondoka na ujumbe unaondoka nalo. Tkinter haifi, haililii mtu, kitufe kinakaa tu. "Mwanangu, kitufe chako kimekufa," ndivyo mama alivyoniambia, na kwa alichokuwa anakiona alikuwa sahihi.

Dawa yake ni fupi, na mtu anayeanza Tkinter aiweke siku ya kwanza, kabla ya kitufe chochote:

    from tkinter import messagebox

    def onyesha_kosa(aina, kosa, njia):
        messagebox.showerror("Kuna tatizo", str(kosa))

    dirisha.report_callback_exception = onyesha_kosa

Kuanzia hapo kila kosa linalotokea ndani ya kitufe linafungua kisanduku.

C# ilikuwa na tabia tofauti kabisa. Convert.ToInt32(txtBei.Text) ilipokutana na 1,500/=, ndani ya Visual Studio, programu ya Microsoft ninayoandikia C#, kila kitu kilisimama, mstari ukapakwa njano na pembeni kukatokea FormatException. Nikapeleka kipanya juu ya txtBei.Text, nikaona "1,500/=" imekaa pale. Hakuna kubahatisha. Kwa mama, ambaye hana Visual Studio, lilitokea kisanduku kikubwa chenye kitufe cha kuendelea na cha kuacha, pamoja na maelezo marefu ambayo hakuyasoma. Hakuhitaji kuyasoma. Alipiga picha kwa simu akanitumia WhatsApp, nami nikajua mstari gani nikiwa bado barabarani. Kwangu hilo peke yake lina thamani kuliko hoja nyingi za "lugha rahisi".

Java iliandika NumberFormatException: For input string: "1,500/=", na iliiandika kulekule Python ilikoandika, kwenye dirisha la amri. Mteja akifungua faili ya jar (programu ya Java iliyofungwa) kwa kubofya mara mbili, dirisha hilo halipo. Kimya kilekile.

Electron sasa. Niliandika parseInt(bei), kama wanavyoandika wengi waliotoka kwenye kutengeneza tovuti. Hapakutokea kosa lolote. Dirisha likajibu papo hapo: Jumla 4.72. JavaScript ilisoma tarakimu ya kwanza, ikakutana na mkato, ikaona imetosha, ikarudisha 1. Holda nne kwa shilingi nne na senti sabini na mbili. Mama alicheka hadi jirani yake akaja kuangalia.

Kitufe kilichokufa kinauma, lakini utakigundua siku hiyohiyo. Jumla ya uongo inaweza kukaa dukani wiki mbili. Kwa hiyo kama wewe ni wa Electron, tumia Number() badala ya parseInt() kwa fedha: kwa "1,500/=" itakupa NaN, yaani "si namba", ambayo walau unaweza kuikagua na kumwambia mtumiaji arudie.

Usikimbilie kusafisha maandishi kwa pupa pia. Kijana mmoja niliyekuwa namsaidia aliamua kufuta kila kisicho tarakimu, akafurahi kwamba 1,500/= imekuwa 1500. Siku iliyofuata mtu akaandika 1,500.00 na bei ikawa laki moja na nusu. Ondoa mkato, ondoa /= na nafasi, kisha jaribu kubadilisha; ikishindikana onyesha kisanduku cha Kiswahili. Hiyo ni kwa lugha zote nne.

C# ina njia ya mkato hapa, kidude kiitwacho NumericUpDown kinachokataa herufi tangu mwanzo. Kina mtego wake. Kiwango chake cha juu kikitoka kiwandani ni 100. Ukiandika 1500 ukahama kisanduku, kinarudi chenyewe 100 bila neno. Nimeshaona duka zima limegeuka la bidhaa za shilingi mia. Badilisha Maximum kwanza, halafu washa ThousandsSeparator upate mkato wako bila kuuandika.

Soma kosa kutoka upande sahihi

Hili ni dogo ila linapoteza muda mwingi wa watu. Python inapanga maelezo ya kosa kwa kuanzia mbali, na kilichotokea mwisho kinakaa chini kabisa. Anza na mstari wa mwisho, ndio wenye jina la kosa, kisha panda juu hadi uone jina la faili yako. C# na Java zinapanga kinyume: kosa liko juu. Shuka hadi mstari wa kwanza wenye jina la darasa uliloandika wewe, achana na yote ya java.awt na System.Windows.Forms. Kwenye Java ukiona "Caused by" huko chini, kiini mara nyingi kiko pale.

Mtu anayehama kutoka Python kwenda Java husoma mstari wa chini kwa mazoea, anakuta jambo la ndani ya Java lisilomhusu, anakwenda kulitafuta mtandaoni hadi bando linaisha.

Makosa ya wiki ya kwanza: Tkinter

Haya nimeyaona kwa wanafunzi wengi mno kiasi kwamba mtu akisema "kaka, kitufe hakifanyi kazi" huwa nauliza kwanza kama ameweka mabano.

    Button(dirisha, text="Hesabu", command=hesabu())

Hayo mabano mwishoni yanasema: fanya hesabu sasa hivi, wakati dirisha linajengwa, kisha mpe kitufe matokeo yake. Hesabu inafanyika mara moja kabla mtu hajagusa kitu, baada ya hapo kitufe hakina kazi. Andika command=hesabu, bila mabano. Ni kama kumpa bodaboda namba yako ya simu akupigie akifika, badala ya kumpigia wewe hapohapo mkiwa mmesimama pamoja.

La pili ni hili:

    kisanduku = Entry(dirisha).pack()

Linaonekana safi, mstari mmoja. Lakini .pack() hairudishi kisanduku, inarudisha None, yaani "hakuna kitu", na baadaye kisanduku.get() inakuletea AttributeError: 'NoneType' object has no attribute 'get'. Gawa mistari miwili: tengeneza kwanza, kisha panga.

La tatu linachekesha. Mwanafunzi anajifunza Tkinter, anaita faili yake tkinter.py. Python ikitafuta Tkinter inaikuta faili yake mwenyewe, inalalamika kwamba tkinter haina Tk, naye anaanza kusakinisha Python upya. Mara tatu. Badilisha jina la faili, basi.

Na ukichanganya pack na grid, njia mbili za kupanga vitu, ndani ya dirisha moja, programu inakataa kwa ujumbe unaotaja zote mbili. Chagua moja. Mimi ni mtu wa grid, fomu za dukani ni safu na mistari.

Jambo zuri ni kwamba yote haya yanarekebishika kwenye mashine duni. Thonny, mhariri uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia, unakuja na Python yake ndani, ni mwepesi, na unaweza kutembea nao mstari kwa mstari ukiona thamani ya kila kigeu pembeni. Kwenye laptopu yangu ya zamani yenye RAM ya GB 4 unafunguka kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Makosa ya wiki ya kwanza: C#

Hapa shida inaanzia kwenye kusakinisha. Visual Studio Community ni ya bure tangu 2014, lakini kuishusha ni gigabaiti kadhaa, na kwa bando la simu hiyo ni hasara ya wazi. Kisakinishi chake kina amri ya --layout inayokusanya kila kitu kwenye folda moja. Mmoja wenu mwenye intaneti ya ofisini ashushe mara moja, wengine mbebe kwa diski ya nje. Pia chagua sehemu ya programu za mezani za .NET (msingi wa Microsoft ambao programu za C# huendeshwa juu yake) peke yake. Watu wanatia alama kila kisanduku kama wako kwenye bufee.

Ukishaingia, kosa linalotisha wageni zaidi ni la Designer, sehemu ya kuchorea dirisha. Unabofya lebo mara mbili kwa bahati mbaya, Visual Studio inakuandikia kazi (function) tupu iitwayo label1_Click. Unaiona haina maana, unaifuta. Ghafla programu haijengeki, na ukifungua dirisha lako unakuta ukurasa wa makosa mahali vitufe vyako vilipokuwa. Mtu anadhani amepoteza kazi ya siku nzima. Hajapoteza kitu. Ndani ya faili ya Form1.Designer.cs kuna mstari mmoja unaoendelea kuiita ile kazi uliyoifuta. Bofya kosa lenyewe kwenye orodha, litakupeleka hapo, ufute mstari huo, vitufe vinarudi. Nimeshaokoa mradi wa chuo wa mtu kwa sekunde ishirini hivi, akataka kuninunulia chakula. Sikukataa.

La pili ni NullReferenceException, lenye maneno "Object reference not set to an instance of an object". Ni kaka yake yule NoneType wa Python: umeshika jina la kitu ambacho hakipo. Tofauti iko kwenye kulitafuta. Kwenye C# unabonyeza F9 kuweka alama ya kusimama kwenye mstari, F5 kuendesha, F10 kupiga hatua, na kila kigeu ukikigusa kwa kipanya kinakuambia kina nini. Wanafunzi wa Python wanatawanya print kila mahali kama chumvi. Wa C# wakizoea F9 hawarudi nyuma.

Dirisha linaganda

Unabofya "Pakia bidhaa", faili ina maelfu ya mistari, dirisha linapauka na Windows inaandika kwamba halijibu. Chanzo ni kimoja kwa vyombo vyote vinne: uzi (thread, yaani mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu) uleule unaochora dirisha ndio uliopewa kazi ndefu. Muuzaji mmoja hawezi kwenda stoo na wakati huohuo kubaki kaunta.

Tofauti ni namna vinavyokuonya ukianza kutumia nyuzi mbili. C# ndiyo mwalimu mkali: ukijaribu kuandika kwenye lebo kutoka uzi mwingine huku ukiwa ndani ya Visual Studio, inasimamisha kila kitu na kusema operesheni hiyo ya kuvuka nyuzi si halali. Swing haisemi. Inakubali, kisha siku moja jedwali linachorwa nusu. Tkinter nayo inaweza kukubali leo na kuganda kesho, na kosa la namna hiyo ndilo gumu kuliko yote kulifukuza kwa sababu halirudii unapolitaka.

Kwa anayeanza: C# tumia await Task.Run(...), Java tumia SwingWorker, Python igawe kazi vipande vidogo ukiviita kwa dirisha.after(...) na usiguse time.sleep ndani ya kitufe. Electron ina async kila kona, ila hesabu nzito ukiiweka kwenye ukurasa wenyewe utagandisha vilevile.

"Data zangu zimepotea"

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kitufe kikifa mtu anakasirika, data zikipotea mtu anakudai.

Kisa cha kawaida cha Python ukitumia SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja: sqlite3.connect("duka.db"). Hiyo faili itatafutwa kwenye folda ambayo programu imeanzia, na folda hiyo hubadilika. Ukiendesha kutoka Thonny ni folda moja, kwa njia ya mkato iliyo kwenye eneokazi inaweza kuwa nyingine. Na SQLite ina ukarimu mbaya: isipoikuta faili inatengeneza mpya, tupu, bila kuuliza. Ndiyo maana ujumbe unaoupata ni "no such table: bidhaa" wakati wewe unajua kabisa jedwali lipo. Lipo, kwenye duka.db nyingine. Tafuta duka.db kwenye kompyuta nzima utaona ziko tatu.

Ukifunga kwa PyInstaller kwa --onefile inakuwa mbaya zaidi. Programu inajifungua kwenye folda ya muda, na ikizimwa folda inafutwa. Kama ulipata njia ya faili kwa __file__ (mahali msimbo wenyewe ulipo), mauzo ya siku nzima yalikuwa yanaandikwa kwenye folda itakayofutwa jioni.

    folda = os.path.join(os.environ["LOCALAPPDATA"], "DukaLangu")
    os.makedirs(folda, exist_ok=True)
    db = sqlite3.connect(os.path.join(folda, "duka.db"))

Weka hivyo, sehemu moja inayojulikana, na uionyeshe kwenye menyu ili mwenye duka ajue cha kunakili kwenye flashi.

Kuna la Python peke yake pia: ukisahau db.commit(), amri ya kuthibitisha yaliyoandikwa, baada ya kuingiza mauzo, utayaona kwenye jedwali muda wote programu ikiwa wazi, ukiifunga yameondoka. C# na Java kwa kawaida zinathibitisha kila amri zenyewe usipoziambia vingine. Kwenye mji ambao umeme unaweza kukatika katikati ya kuandika risiti, thibitisha kila mauzo yakiisha, usisubiri mtu afunge dirisha.

C# nayo ina mzimu wake. Umeongeza faili ya hifadhidata kwenye mradi, na kwenye sifa zake pameandikwa "Copy always". Kila unapojenga upya, Visual Studio inachukua ile faili ya awali na kuifunika ile uliyokuwa ukiandikia ndani ya bin\Debug, folda inakowekwa programu iliyojengwa. Unaingiza bidhaa kumi, zinaonekana. Unabadilisha msimbo, unaendesha tena, sifuri. Kijana mmoja aliandika upya sehemu yake yote ya kuhifadhi akiamini INSERT yake (amri ya kuingiza data) ni mbovu, na INSERT ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Weka "Copy if newer", au hamishia data kwenye LocalApplicationData kama tulivyofanya kule juu. Electron ina app.getPath('userData') kwa kazi hiyohiyo, na kwa haki yake, maelezo yake ni mepesi kuliko ya wote.

Kompyuta ya mteja

Laptopu yako ni moja, ila utakayoikuta dukani huijui. Nimekuta mashine za Kariakoo zenye Windows 7, mfumo ulioacha kuhudumiwa na Microsoft Januari 2020, zikipiga kazi kama kawaida. Kabla hujaandika mstari wa kwanza nenda ukaangalie toleo la Windows, na kama ni ya biti 32 au 64.

Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Ukijenga na toleo jipya zaidi, mteja ataona ujumbe wa faili ya DLL (faili saidizi ya Windows) iliyokosekana na wewe utaambiwa umeleta virusi. Na kuhusu virusi: faili za --onefile hushukiwa mara kwa mara na programu za kuzuia virusi. --onedir inapunguza hilo, kwa gharama ya kupeleka folda nzima. Kumbuka pia PyInstaller hujenga kwa aina ya Python uliyonayo. Python ya biti 64 haitakupa programu ya Windows ya biti 32.

C# ndiyo inayonipa usingizi hapa. Visual Studio ina violezo viwili vya Windows Forms, na kimoja kinataja .NET Framework kwenye jina lake. Chagua hicho ukalenge 4.8. Windows 10 tangu toleo la Mei 2019 inayo tayari, na hata Windows 7 yenye SP1 inaipokea ukiisakinisha. Unapeleka faili ndogo, inafunguka. Kile kiolezo kingine ni cha .NET mpya, kizuri, ila kitamdai mteja kitu cha ziada ambacho hana, au ukibebe wewe ndani ya programu.

Java: ukiandaa kwa Java 17 na mteja ana Java 8, utaona UnsupportedClassVersionError ikitaja 61.0 na 52.0. Namba hizo ni matoleo hayo mawili. Electron inabeba Chromium nzima, yaani kivinjari kamili, kwa hiyo haina ugomvi na kilichopo kwa mteja, ila programu ya vitufe vitatu inavuka megabaiti 100 na inakula RAM ya mashine ambayo tayari inahema. Toleo la 23 la mwaka 2023 lilifunga mlango kwa Windows 7 na 8.

Ningechagua nini

Java siipingi. Kama chuo chako kinaidai, iandike kwa mhariri wa NetBeans na Swing na ubaki hapo. Ukijaribu JavaFX, kifaa kingine cha kuchorea madirisha, jua kwamba iliondolewa kwenye JDK (kifurushi cha kuandikia Java) tangu toleo la 11, ndiyo maana mifano ya zamani inakuambia vipande vyake havipo. Na usilinganishe maneno kwa ==, tumia equals. Nje ya chuo, kwa duka la Dar linalotumia Windows, sina sababu ya kukupeleka huko.

Electron ni ya mtu ambaye tayari anajua HTML na JavaScript na mteja wake ana mashine nzuri. Ukikutana na "require is not defined", msimbo wako haujaharibika: tangu toleo la 5 ukurasa haupewi Node (inayoipa JavaScript uwezo wa kugusa faili za kompyuta) moja kwa moja, na mafunzo mengi ya video ni ya kabla ya hapo. Tumia faili ya preload, inayoendeshwa kabla ya ukurasa.

Ushindani wa kweli ni Python na C#. Una laptopu ya RAM GB 8 yenye SSD, na unataka kuuza programu madukani ndani ya mwaka huu? C#, Windows Forms, .NET Framework 4.8. Inakuonyesha kosa lilipo, na mteja wako anaweza kulipiga picha. Una GB 4, diski ya zamani, bando la wiki, na bado hujajua kama kazi hii unaipenda? Python na Thonny, ukiweka ile onyesha_kosa siku ya kwanza. Visual Studio kwenye mashine ya namna hiyo itakufundisha uvumilivu tu.

Yule kijana wa bei ya laki na nusu alichukua Python, mashine yake haikumpa nafasi ya kuchagua. Juzi alinipigia akiwa kwenye kituo cha mwendokasi pale Msimbazi, kelele tupu. Nikamwambia anisomee kosa. Akanisomea mstari wa mwisho tu, jina la kosa na maandishi yaliyomo ndani yake, kisha akanyamaza kidogo. "Basi kaka, nimeshaliona," akasema, akakata simu.